Tarakilishi ya baba ilipoanza kujikokota

MSOMAJI, hebu niambie kama hali hii huifahamu. Umeamka Jumamosi asubuhi na kazi ya nusu saa tu ya kupiga chapa. Unabonyeza swichi ya tarakilishi, taa inawaka, feni inavuma. Unaenda jikoni, unainjika chai, unakaanga mayai, unamkaripia mtoto aliyemwaga maziwa, kisha unarudi sebuleni na kikombe mkononi. Vile vidoa vyeupe vingali vinazunguka kwenye skrini kama vilivyokuwa ulipoondoka. Chai inapoa. Hatimaye picha inajitokeza, unashika kipanya, unabofya, kimya. Unabofya tena. Unabofya mara ya tatu kwa hasira, na baada ya dakika mbili programu ileile inafunguka mara tatu kwa mpigo.

Kwetu mambo yalifikia kiwango cha kupimwa kwa saa. Wakati wa likizo ya Agosti 2024 niliketi mbele ya tarakilishi yetu nikahesabu dakika 11 tangu kubonyeza swichi hadi kupata nafasi ya kuandika neno la kwanza. Kwa dakika 11 mkazi wa Buruburu aliyepata matatu siku isiyo na msongamano anaikaribia Muthurwa.

Kila mtu nyumbani alikuwa na ugonjwa alioutaja. Baba watoto alisema ni uzee. Mwanangu alisema ni virusi, kwani kwa watoto wa siku hizi kila kisichofanya kazi kina virusi. Nami, kwa kuwa nililelewa na redio iliyokuwa ikinyamaza katikati ya taarifa ya habari, niliipiga kofi ubavuni. Haikusaidia, na baadaye nilikuja kuelewa kwamba lile kofi lingeweza kunigharimu pakubwa.

Wala si mashine ya kujivunia. Ni ya mezani, ya mitumba, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ex-UK. Tuliinunua mwaka 2016 ikiwa na kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 500. Lakini mwaka 2019 baba yangu alikuja kuishi nasi baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na kwa kuwa hangeweza kutembea mbali, aliifanya tarakilishi hiyo kuwa shamba lake. Alikuwa amefunza shule za msingi huko Taita kwa miaka 34. Kila asubuhi, baada ya uji, aliketi pale na kuandika kwa vidole viwili historia ya ukoo wetu: nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, nani alikosana na nani kwa sababu ya mbuzi gani. Aliandika sura 43, kila moja katika faili yake. Alifariki mwaka 2022. Faili zikabaki palepale alipoziacha, nasi tukawa na mazoea ya kusema kwamba siku moja tutazichapisha.

Basi Agosti hiyo uvumilivu uliniishia. Nikaifunga ile mashine kwa leso, nikapanda nayo matatu, nikailipia kiti chake kama abiria, hadi kwa fundi mmoja katikati ya jiji. Aliiwasha, akaitazama kwa dakika moja, akasema, "Mama, hii ni kufomati tu. Elfu moja mia tano. Rudi saa kumi, utaipata mpya."

Kufomati, kwa asiyejua, ni kufuta kila kilichomo ndani ya diski na kuweka Windows upya. Mimi nilikuwa najua. Nilijua kama mtu anavyojua jambo asilolifikiria. Nikasema sawa, nikaenda kibandani kunywa chai, nikampigia simu mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea mambo ya tarakilishi, ili nijigambe kwamba safari hii sikumsumbua.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Shangazi, kazi ya babu mliitoa kwanza?"

Msomaji, sijui kama umewahi kumwona mama mwenye miaka yake akikimbia barabarani amebeba viatu mkononi. Nilipanda ngazi za jengo lile hadi orofa ya tatu nikihema. Nilimkuta fundi ameketi gizani anacheza na simu yake. Umeme ulikuwa umepotea jengo zima tangu nilipoondoka. Ndiyo siku pekee maishani mwangu niliyofurahi kupotelewa na umeme. Simlaumu sana fundi yule. Hakuniuliza kilichomo, nami sikumwambia.

Kijana alikuja Jumamosi iliyofuata. Nilidhani angeanza kufungua parafujo mara moja, kumbe alianza kwa maswali, kama daktari wa zamani. Je, ilianza kuchelewa ghafla au kidogo kidogo? Huchelewa inapowashwa tu, au hata baada ya saa nzima? Hukwama wakati wa kufungua kitu gani? Sikuwa na jibu hata moja la kuaminika, na nakushauri uyatafute majibu hayo kwako kabla ya kumlipa mtu yeyote shilingi.

Kisha akanionyesha jambo ambalo nasikitika kutolijua miaka yote hiyo. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja katika mashine ya Windows, linafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Likiwa dogo, bofya maneno ya chini yanayosema More details. Humo mna safu tatu za kutazamwa: CPU, Memory na Disk. Yetu ilikuwa inasema CPU asilimia 8, Memory asilimia 91, Disk asilimia 100. Na ile 100 haikuwa ikishuka.

Nilimwomba anifafanulie kwa lugha ya jikoni, akajaribu. CPU ni mpishi. Memory ni meza yake ya kukatia mboga. Disk ni stoo ya nyuma. Kwetu mpishi alikuwa ameketi tu, mkono shavuni. Meza ilikuwa imejaa vitu, na aliyetumwa stoo alikuwa hajarudi. Kununua mashine yenye mpishi hodari zaidi, kama wauzaji walivyokuwa wakinishauri, kungeniletea mpishi hodari wa kuketi.

Tulianza na vilivyojaa mezani, kwa sababu havihitaji pesa. Katika dirisha hilohilo kuna sehemu ya Startup, yenye orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe kila mashine inapowashwa. Tulikuta 17. Kulikuwa na programu ya printa ambayo tuliigawa mwaka 2018. Kulikuwa na mchezo wa magari, programu mbili za muziki, na vilinzi viwili vya virusi ambavyo kila kimoja kilikuwa kikikagua kila faili ambayo mwenzake ameigusa. Unabofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Disable. Hufuti kitu, unaizuia tu isijiamshe. Tuliacha nne. Kimoja cha vilinzi tulikiondoa kabisa. Windows ina chake kilichokuja nayo, na kinatosha kwa familia ya kawaida.

Na hapa, kumradhi, niingize kero yangu. Ukitafuta msaada wa mashine nzito utakutana na programu zinazojitangaza kwamba zitaisafisha na kuiharakisha kwa mbofyo mmoja, baadhi kwa malipo. Mwanangu alikuwa ameweka mbili. Zote zilikuwa miongoni mwa zile 17, yaani dawa ilikuwa sehemu ya maradhi.

Baada ya hapo tuliitoa roshani, tukachomoa nyaya zote, tukafungua ubavu wake. Vumbi la miaka minane lilikuwa limejikusanya katika mapezi ya chuma chini ya feni kama blanketi, na ndani yake mende aliyekauka. Joto likizidi, CPU hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, kwa hiyo vumbi peke yake laweza kuifanya mashine nzima ijikokote, hasa mchana wa Januari. Tulitumia brashi ya rangi iliyo mpya na kavu. Shika feni kwa kidole isizunguke unapoisugua. Tulibadilisha pia ile betri ndogo ya mviringo, CR2032, kwa sababu tarehe ilikuwa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika.

Tukaiwasha. Dakika 7. Watoto walishangilia. Kijana hakushangilia. Aliangalia safu ya Disk, ambayo ilikuwa ingali 100, akatuomba tuzime runinga na redio, akaweka sikio lake kwenye sanduku.

"Shangazi, njoo usikie."

Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya kirefu. Tik.

Ndani ya diski ya aina ile mna sahani nyembamba zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachoelea juu yake bila kuigusa, kikienda huku na huko kuokota vipande vya habari. Ni ufundi wa zamani: IBM ilitoa diski ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1956, yenye sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 hivi. Za leo hutoshea kiganjani, lakini kichwa kingali kinalazimika kusafiri, na huweza kuokota vipande 100 hivi vilivyotawanyika kwa sekunde moja. Windows inapoamka inataka maelfu kwa maelfu ya vipande. Ndiyo maana hata diski nzima ya aina hii huonekana nzito siku hizi.

Yetu haikuwa nzima. Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo ambayo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Rangi ya buluu ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Yetu ilikuwa manjano, na ilikuwa ikieleza kwamba kuna sehemu za sahani zisizosomeka tena. Kichwa kikifika mahali palipoharibika hakikati tamaa upesi. Hurudia kusoma, mara nyingi, na wakati huo wote kila kitu kingine husubiri. Dakika zetu 11 zilikuwa zimejaa marudio hayo. Mashine haikuwa ikizembea. Ilikuwa ikitafuta, na kila kofi nililoipiga lingeweza kukigonganisha kichwa na sahani.

Nilimuuliza ingekuwaje kama fundi angefomati. Alisema huenda ingeamka vizuri kwa majuma kadhaa, nasi tungemsifu fundi, hadi siku itakapokataa kuwaka. Lakini sura 43 za baba zingekuwa zimekwisha kufutwa tayari.

Kwa hivyo, ukisikia mlio huo nyumbani kwako, weka gazeti hili chini kwanza. Usianze kusafisha faili, usiendeshe programu za kurekebisha diski, usiiwashe na kuizima ovyo. Diski inayokufa ina idadi fulani ya safari iliyobakiwa nayo, na huijui. Nakili kwenye diski ya nje, ukianza na kile ambacho hakiwezi kununuliwa tena. Windows hununuliwa au hupakuliwa upya. Filamu zile zile ziko kwa jirani. Picha za harusi, kazi za shule, barua, hivyo ndivyo vya kutangulia.

Tulianza na folda ya baba saa mbili usiku. Faili zake zilikuwa ndogo sana, maandishi matupu, zote pamoja hazikujaza hata kona ya flashi ya bei rahisi. Kwa diski nzima zingenakiliwa ndani ya sekunde moja. Ilikuchukua saa tano. Faili moja ingepita kama mshale, inayofuata ingekwama dakika 20, na sisi tumeketi gizani tukisikiliza tik, tik, kama watu wanaomkesha mgonjwa. Baba watoto alilala kitini. Saa saba usiku zilikuwa zimetoka 42.

Ya saba ilikataa. Kijana aliiruka, akarudi, akaiunganisha diski na mashine nyingine siku ya pili, akajaribu kwa programu mbili tofauti. Jina la faili lilionekana, ukubwa wake ulionekana, lakini ndani hapakusomeka. Kuna wataalamu wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi na kuokoa vilivyomo. Niliuliza bei, nikaambiwa kiasi kinachozidi karo ya muhula, bila ahadi yoyote. Ile diski nimeifunga ndani ya gazeti na kuiweka kabatini kati ya shuka. Sijaitupa.

Mengine yalikuwa mepesi. Tulinunua Luthuli Avenue diski ya SSD ya GB 256 kwa shilingi 3,500. Hii haina sahani wala kichwa wala kitu chochote kinachozunguka, hivyo haina safari. Inachoombwa inakitoa papo hapo. Tukaongeza kijiti kingine cha kumbukumbu cha GB 4, cha mitumba, ili meza iwe pana. Angalia aina kabla ya kulipa: vya DDR3 na DDR4 havibadilishani, hata pengo lao la katikati liko mahali tofauti. Kijana akaweka Windows upya. Tangu swichi hadi neno la kwanza ikawa sekunde 28. Mwanangu alirudia kuizima na kuiwasha hadi nikamkataza. Kwa jumla nilitumia pesa chini ya 6,000, nilipokuwa nimeanza kuweka akiba ya 45,000 za mashine nyingine.

Si kila mashine nzito itapona hivyo. Kama yako tayari ina SSD na safu ya Disk imetulia, usinunue diski nyingine; tazama Memory, tazama joto. Na kama ni ya enzi ya yetu, kuna jambo la pili. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Wengi waliambiwa wazitupe. Sisi tuliiwekea Linux Mint, ambayo hailipiwi na haina makuu juu ya mashine kongwe. Mwanangu aliizoea mchana mmoja. Mimi ilinichukua majuma mawili ya kunung'unika. Faili za baba zinafunguka humo bila taabu.

Zinafunguka 42. Ile ya saba ilikuwa juu ya babu yangu, baba yake baba, aliyechukuliwa akiwa kijana kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika ile vita ya 1914 hadi 1918, wakati reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilipokuwa ikijengwa na mapigano yakipamba moto huko Salaita. Wachukuzi hao waliitwa Carrier Corps, na msomaji anayenunua vyondo na vikapu pale Kariokor anataja jina lao bila kukusudia.

Desemba 2024 tulipanda treni hadi Voi, na kutoka hapo gari hadi Wundanyi, kwa dada yake baba aliyekuwa na miaka 84. Mwanangu aliweka simu mezani ikirekodi. Shangazi alisimulia kwa saa mbili, akisimama tu kuuliza kama kile kidude kinasikia. Alisema babu hakutoroka jeshini, kama jamaa wengine wanavyodai. Aliachwa akiumwa karibu na Taveta na akarudi nyumbani kwa miguu peke yake.

Tuliporudi Nairobi mwanangu aliipiga chapa sura yote, akaihifadhi mahali patatu. Kisha akaniuliza babu yake alikuwa ameandika lipi kati ya hayo mawili, kwamba alitoroka au kwamba aliachwa. Nilimwambia kwamba niliisoma sura ile mara moja tu, mwaka 2021, nimesimama nyuma ya kiti cha baba huku samaki wakiungua jikoni, na sikumbuki.